Maswali ya Wasomaji: Seva Moja, Kadi Mbili za Mtandao

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Langoni, Lamu, na ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo tumeifanya vyumba vya wageni. Tuna kompyuta sita, kamera nne za ulinzi na seva moja inayotumia Windows Server, ambamo tunaweka hesabu za duka, orodha ya stoo na daftari la wageni. Seva hiyo ilikuja na matundu mawili ya waya wa mtandao kwa nyuma. Fundi aliyetufungia aliyaunganisha yote mawili na swichi moja, yaani kile kisanduku kinachokutanisha nyaya za mtandao, akaipa kadi ya kwanza anwani 192.168.1.10 na ya pili 192.168.1.11, na zote mbili akaziandikia lango lilelile la 192.168.1.1, akisema kwamba kasi ingekuwa maradufu. Tangu siku hiyo kompyuta ya mauzo inaipata seva asubuhi, mchana haiipati, na baada ya dakika kadhaa inaipata tena pasipo mtu kugusa kitu. Fundi wa pili aliyekuja kutazama ametushauri kadi ya pili tuiunganishe na ruta ya intaneti, ili wageni wote wa juu wapitie kwenye seva na sisi tuweze kuona wanachofanya. Je, yupi kati yao amesema sawa, na hiyo kadi ya pili ina kazi gani hasa?
Mwenye duka, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, bwana mwenye duka. Sidhani kama kuna aliyekusudia kukudanganya, lakini ushauri wa kwanza ndio uliokuletea tatizo ulilonalo, na wa pili ungekuletea kubwa zaidi. Kadi ya pili ina faida pale inapoelekea mtandao mwingine usio ule wa kwanza, au pale inapokaa akiba ikingoja ya kwanza iharibike. Kuzitia kadi mbili katika mtandao mmoja, kila moja na anwani yake, hakumo katika hayo mawili.

Nianze na hiyo hitilafu ya kuja na kuondoka. Kompyuta ya mauzo haiijui seva kwa namba, inaijua kwa jina, na kila inapotaka kuifikia huuliza kwanza jina hilo lina anwani gani. Ikiwa seva yenyewe ndiyo inayotunza orodha ya majina, yaani huduma ya DNS, basi Windows imekwisha kuziandikisha anwani zote mbili chini ya jina moja, na anayeuliza hupewa mara hii, mara ile. Kadi ya pili ikiwa na waya mbovu, au tundu lake la swichi likiwa limelegea, mauzo yatakwenda vizuri jibu linapokuwa 10 na yatakwama linapokuwa 11. Isitoshe, kompyuta huikumbuka anwani iliyopewa kwa muda fulani kabla ya kuuliza tena, na ndiyo maana tatizo hudumu dakika kadhaa kisha likaisha lenyewe, fundi akifika asilione.

Pale seva inapoanzisha mazungumzo yenyewe, kwa mfano inapopeleka karatasi kwenye printa, Windows hutazama namba ya kipaumbele ya kila kadi na kuichagua ile yenye namba ndogo, kwa hiyo kadi moja hufanya takriban kazi yote ya kutoa na mwenzake hukaa tu. Wanaotumia Linux wanapaswa kujua kwamba kwao mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mfumo huo, usipobadilishiwa mipangilio, huiruhusu kadi yoyote kuitikia anwani ya mwenzake, na mizigo iliyopelekwa kwa anwani mbili ikajikuta yote inaingilia tundu moja. Ama lango, hiyo ni njia ya kutokea kwenda nje ya mtandao wenu, na seva moja inahitaji njia moja ya kutokea. Kuliandika lango kwenye kila kadi hakuongezi njia, kunaongeza mashaka juu ya ipi ifuatwe.

Usiku wa leo, mkishafunga duka, izimeni kadi ya pili ndani ya mipangilio ya Windows badala ya kung'oa waya tu, kisha fungueni orodha ya DNS na kuifuta 192.168.1.11 ikiwa bado imo. Kwenye kila kompyuta mwandike amri ya ipconfig /flushdns ili isahau kumbukumbu ya zamani, halafu mwandike ping ikifuatiwa na jina la seva, na mhakikishe anayejibu ni 10 peke yake. Mkishafanya hivyo mwache mambo yaende wiki nzima kabla ya kugusa kitu kingine. Hitilafu ikirudi, basi waya wa kadi ya kwanza nao una walakini, na hapo mtakuwa mmejua.

Sasa hiyo kasi maradufu. Kadi ya gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasini, kwani baiti moja ni biti nane, na kwa kweli mtu huona kama 110. Mauzo ya mifuko ya saruji na kilo za misumari ni maandishi machache mno. Kompyuta sita zikiuza kwa pamoja kutwa nzima hazitaijaza hata sehemu ndogo ya waya huo. Kama bado mnaona uzito, tafuteni sababu mahali pengine. Kipimo rahisi ni kunakili faili kubwa kutoka kompyuta moja kwenda kwenye seva na kutazama saa. Faili la gigabaiti 22 linapaswa kuchukua dakika tatu na kitu. Likichukua zaidi ya nusu saa, basi mahali fulani njiani kuna kiungo kinachokwenda kwa megabiti 100 tu, yaani megabaiti kama 11 kwa sekunde, na mara nyingi huwa ni swichi ya zamani au waya uliobanwa vibaya kichwani. Gigabiti huhitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya waya wa mtandao; nne zikishika na nyingine zisiposhika, taa itawaka, kila kitu kitaonekana kizima, na kasi itakuwa moja kwa kumi. Kwa hapa pwani ningeanzia hapo hasa, kwa sababu hewa ya chumvi hula viungo vya shaba polepole, na soketi iliyo karibu na dirisha la upande wa bahari huchakaa kabla ya nyingine. Wako pia wauzaji wa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao kwa macho hautofautishi na wa shaba tupu mpaka uukwaruze kwa kisu. Huo usiununue hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Ikiwa kipimo kinaonyesha kasi ya kati, si ile ya juu wala ya chini, tazameni diski. Diski ya kuzunguka inapoombwa mambo mengi madogo kwa wakati mmoja huzidiwa mapema sana kuliko waya, na hata mkiiwekea seva kadi nne hamtaona tofauti yoyote.

Fundi wako wa kwanza huenda alikuwa amesikia habari za kuzifunga kadi mbili pamoja zikawa kama moja, jambo ambalo lipo na lina heshima yake, ila silo alilolifanya. Kadi zikifungwa pamoja huwa na anwani moja tu na jina moja, na mfumo ndio unaogawa kazi. Windows Server ina uwezo huo ndani yake tangu toleo la 2012, na Linux inao kwa muda mrefu zaidi. Namna nyepesi ni ile ambayo kadi moja hufanya kazi na ya pili hungoja, nayo haihitaji swichi ya aina maalumu. Mkipata swichi mbili na kila kadi ikaenda kwenye yake, na swichi hizo zikaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, kuharibika kwa waya au swichi moja hakutaizuia seva kufikika. Namna nzito hufuata kanuni iliyotolewa mwaka 2000 kwa jina la IEEE 802.3ad, na ambayo tangu 2008 imo katika 802.1AX, nayo hutaka swichi inayoielewa na iliyopangwa hivyo. Hata hapo, mazungumzo mamoja kati ya kompyuta moja na seva hupita waya mmoja, hayagawanywi mara mbili. Kinachoongezeka ni nafasi ya watu wengi kupita kwa pamoja. Isipokuwa kwa kunakili mafaili kati ya Windows 8 au ya baadaye na Windows Server 2012 au ya baadaye, ambako itifaki ya SMB 3.0 inaweza yenyewe kuugawa mzigo mmoja juu ya kadi kadhaa, ilimradi kompyuta ya upande wa pili nayo iwe na uwezo wa kupokea kasi hiyo. Kwa duka la kompyuta sita nisingejisumbua na namna nzito. Ile ya kungoja, ndiyo, ikiwa hamna kazi bora ya kuipa kadi ya pili. Lakini nyinyi mnayo, na nitaifikia punde.

Kuhusu ushauri wa fundi wa pili, lazima nikiri kwamba wakati mmoja ulikuwa ushauri wa kawaida. Microsoft ilikuwa na bidhaa iliyoitwa Windows Small Business Server, iliyolenga maduka na ofisi ndogo, na toleo lake la 2003 lilimwezesha mwenye seva kuweka kadi moja upande wa intaneti na nyingine upande wa ofisi, seva ikawa ndiyo mlango. Toleo la 2008 liliachana na mpango huo na kutaka kadi moja tu, na kazi ya mlango ikarudishwa kwa ruta. Waliokwisha kuendesha mambo kwa namna ya zamani hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Nyumba za mawe za Lamu zinalieleza jambo hili kuliko kitabu. Mgeni asiye wa nyumbani hupokewa dakani, akaketi kwenye baraza, akanywa kahawa yake na kuondoka, wala haoni ndani. Anachokushauri fundi ni kulichukua sanduku la nyaraka za nyumba ukaliweka dakani na kuligeuza kiti cha mgeni. Kila anayepita kwenda intaneti, pamoja na simu iliyojaa virusi ya mtalii asiyejua kama inavyo, angekuwa anaigusa mashine yenye hesabu zako zote. Tena kila seva inapozimwa ili kupokea masahihisho, wageni wote juu wangekosa intaneti, na wangeshuka dukani kukuuliza wewe. Na hiyo hamu ya kuona wanachofanya iache kabisa: siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefichwa, kwa hiyo usingeona zaidi ya majina ya mahali wanapokwenda, ilhali wewe tayari unahifadhi majina yao na namba za pasipoti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde hizo, si kuongeza nyingine.

Wageni wapeni mtandao wao kwenye ruta. Ruta nyingi za leo, hata za bei ya kawaida, zina sehemu ya mtandao wa wageni inayowaruhusu kutoka kwenda intaneti na kuwazuia kuifikia mitambo ya ndani. Iwasheni, kisha mjaribu kwa simu iliyomo kwenye mtandao huo kama inaweza kuifikia 192.168.1.10. Ikiweza, mpangilio haujakaa sawa. Kwa kuwa kuta za matumbawe ni nene na hulimeza wimbi la waifai, pengine mtahitaji kifaa cha kurushia mawimbi katika kila ghorofa, na hapo ndipo mtakapotaka ruta na swichi zinazoelewa VLAN, ili waya mmoja ubebe mitandao miwili bila kuchanganyika.

Hiyo kadi ya pili, basi, ningeipa kamera. Kamera nne zikirekodi kwenye seva, kila moja kwa megabiti kama 4 kwa sekunde, ni megabiti 16 zisizopumzika usiku na mchana. Kwenye gigabiti si kitu, lakini kwenye swichi ya megabiti 100 ambayo ndiyo hiyohiyo ya mauzo, ni mzigo. Wala mzigo sio unaonitia wasiwasi zaidi. Kamera za bei nafuu mara nyingi hufungwa ukutani na kusahauliwa, neno la siri likiwa ni lilelile lililotoka nalo kiwandani, na programu yake haisahihishwi mpaka inakufa. Kifaa cha namna hiyo hakistahili kuwa na njia ya kwenda intaneti wala njia ya kuifikia kompyuta ya mauzo.

Nunueni swichi ndogo ya kamera peke yake, ikiwezekana ile inayozipa kamera stima kupitia waya uleule wa mtandao. Kadi ya pili ya seva ielekee swichi hiyo na iwe na anwani 192.168.20.1, na kamera zipewe 192.168.20.11 hadi 14. Tofauti ya hiyo namba ya tatu, 20 badala ya 1, ndiyo inayoiambia seva kwamba hizi ni njia mbili zisizoelekea mahali pamoja. Nafasi ya lango kwenye kadi hii iacheni tupu, na ile ya seva ya DNS vilevile, kisha ondoeni alama inayoiruhusu kadi kujiandikisha kwenye orodha ya majina. Mkilisahau hili la mwisho, mtarudi kwenye ugonjwa wa asubuhi kupata na mchana kukosa. Msiwashe kugawana intaneti kati ya kadi hizo mbili, wala msiziunge zikawa daraja, hata kama Windows itawaonyesha kwamba inawezekana, kwani mtakuwa mmejenga ukuta na kuutoboa siku hiyohiyo.

Kuna mambo mawili yatakayowashangaza baada ya hapo. La kwanza, kamera zisizokuwa na intaneti hupoteza saa, na baada ya miezi kadhaa picha ya mwizi wa saa nane usiku inaweza kuandikwa saa tisa kasoro robo. Ifanyeni seva iwe ndiyo inayozipa kamera saa, na mwandike 192.168.20.1 mahali kamera inapouliza chanzo cha wakati. La pili, ile programu ya simu ya mtengenezaji wa kamera haitaonyesha kitu tena. Mtazitazama picha kupitia programu ya kurekodia iliyo kwenye seva, na mimi nahesabu hilo kuwa ni faida.

Seva ikiwa na nafasi ya kadi ya tatu, iunganisheni moja kwa moja kwa waya mmoja na kisanduku cha kuhifadhia nakala za akiba, bila swichi katikati, anwani zikiwa 10.10.10.1 na 10.10.10.2 na lango likiwa tupu. Kadi za gigabiti hujigeuza zenyewe kutambua nani anatuma na nani anapokea, kwa hiyo ule waya wa kupishanisha uliokuwa ukihitajika zamani hauhitajiki. Nakala za usiku zitapita njia yao. Kisanduku chenyewe kiwekeni chumba kingine, juu ya usawa wa sakafu, na diski moja ya nakala itoke kabisa nje ya nyumba kila wiki.

SWALI: Mwalimu, ofisini kwetu Malindi tumelipia intaneti ya kampuni mbili ili moja ikikatika nyingine ishike. Waya wa kila ruta tumeuweka kwenye kadi yake katika seva, lakini kampuni ya kwanza inapokatika hakuna kinachobadilika, tunakaa gizani mpaka irudi. Tumekosea wapi?
Karani wa ofisi, Malindi

JIBU: Dada yangu, seva yenu haijui kwamba intaneti imekatika. Inachokiona ni ruta iliyo mezani, na ruta hiyo ni nzima, imewaka na inaitika. Kilichokatika kiko mbele yake, pengine barabarani, ambako seva haifiki. Kwa hiyo inaendelea kuitumia. Malango mawili kwenye seva moja hayafanyi kazi ya kushikana zamu jinsi watu wengi wanavyodhani. Kinachotakiwa ni ruta moja yenye matundu mawili ya intaneti, ambayo kila baada ya sekunde chache huipigia hodi anwani fulani ya mbali kupitia kila njia, na njia isipojibu huhamisha watu wote kwenda ya pili. Seva ibaki na kadi moja na lango moja, ambalo ni ruta hiyo.

Kabla ya kuifunga, tazameni anwani za ruta mlizopewa na kampuni hizo. Mara nyingi zote mbili hutoka zikiwa na 192.168.1.1, na nimewahi kumaliza jioni nzima hukohuko Malindi nikitafuta hitilafu ambayo haikuwa chochote zaidi ya hilo. Moja ibadilisheni iwe 192.168.2.1, na mtandao wa ofisi wenyewe uwe na namba ya tatu tofauti na hizo mbili. Mwulize pia fundi wa kila kampuni waya wake unapita nguzo zipi, maana zikiwa ni nguzo zilezile, gari likigonga moja mtakatikiwa na zote mbili kwa pamoja. Katika hali hiyo ni afadhali njia ya akiba iwe ya mtandao wa simu.

SWALI: Kompyuta tunayoitumia kama seva ina tundu moja tu la mtandao na haina nafasi ya kuongeza kadi ndani. Je, kile kiungo cha USB kinachogeuka tundu la mtandao kinafaa?
Msomaji, Shela

JIBU: Kinafaa, kwa kazi ya kamera au ya nakala za akiba, si kwa njia kuu ya ofisi. Kichomekeni kwenye tundu la USB 3.0, ambalo huwa na megabiti 5,000 kwa sekunde. Lile la USB 2.0 haliendi zaidi ya 480, kwa hiyo gigabiti haitatimia. Jihadharini na jambo moja: kikichomolewa na kuchomekwa tundu lingine, Windows inaweza kukihesabu kuwa ni kadi mpya na kuisahau anwani mliyoiandika, na kamera zote zikanyamaza. Lifungeni tundu hilo kwa utepe, na juu ya utepe mwandike kwa wino usiofutika kwamba lisiguswe.